Saa Hii na Saa Ile: Je, Anayeyumba ni Mnafiki?



Ndugu msomaji, kuna neno ambalo husikika katika kampasi zetu hapa Kigali kila mwaka, hasa wiki chache baada ya Idi. Kijana aliyekuwa swafu ya kwanza Ramadhani nzima, aliyekesha kumi la mwisho, anakutwa katika jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwake. Habari inazunguka hosteli kabla ya Ishaa. Ndipo anatokea mtu akasema: kumbe siku zote alikuwa mnafiki.

Nataka kulijadili neno hilo. Dhambi ni dhambi, na makala hii haiji kuifanya ndogo. Lakini ndani ya neno lile kuna hoja, na hoja hiyo ina kasoro. Inasema hivi: mtu ni kitu kimoja, kwa hiyo akitulia muda mrefu kisha akalipuka ghafla, mlipuko ndio ukweli wake na utulivu ulikuwa maigizo. Hoja hiyo ina pacha wake ambaye hatumtaji kwa sauti: mimi nimetulia muda mrefu, basi mimi ni imara.

Hoja zote mbili hazisimami. Kulionyesha hilo nitatumia kisa kimoja cha Sahaba, na pia somo moja la hisabati ambalo wanafunzi wa sayansi hukutana nalo: tabia ya vipindi katika mifumo ya vurugu iliyounganishwa. Jina ni refu, lakini hesabu yake ni kutoa na kuzidisha tu. Anayesoma sheria au uhasibu asifunge ukurasa.

Mtu aliyejituhumu mwenyewe

Imam Muslim amepokea kisa cha Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.). Alikutana na Abubakar (r.a.), na alipoulizwa hali yake akajibu kwamba amekuwa mnafiki. Abubakar akastaajabu. Hanzala akaeleza kuwa wanapokuwa mbele ya Mtume naye akiwakumbusha Pepo na Moto, huwa kama wanaviona kwa macho yao. Lakini wakitoka na kurudi kwa wake zao, watoto na shughuli zao, husahau mengi.

Abubakar angeweza kumkaripia. Angeweza pia kumliwaza kwa maneno mepesi na kwenda zake. Badala yake alikiri kwamba hata yeye hupatwa na hali hiyo hiyo, kisha wakafuatana wote wawili hadi kwa Mtume. Jibu walilopewa ni kwamba lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake na katika dhikri, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini mambo ni saa hii na saa ile. Alilirudia hilo mara tatu.

Tuwe waangalifu na kisa hiki. Hanzala hakuzungumzia ulevi wala zinaa. Alizungumzia moyo kupoa na kusahau. Hatuwezi kulichukua jibu lile tukaligeuza kuwa ruhusa ya kutenda maovu. Lakini linatupa jambo kubwa: kupanda na kushuka kwa moyo peke yake si ushahidi wa unafiki. Wanazuoni wengi wamefundisha kwamba imani huzidi kwa utii na hupungua kwa maasi, na walimu wetu hutukumbusha kuwa moyo kwa Kiarabu huitwa qalb, neno la mzizi mmoja na kugeuka. Kinachogeuka kina saa zake.

Linalobaki ni swali: kwa nini kugeuka huku huja kwa ghafla, baada ya utulivu mrefu unaodanganya kila mtu, pamoja na mwenyewe? Hapo ndipo hisabati inapoweza kutusaidia kuona.

Namba mbili zinazovutana

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Chagua namba yoyote kati ya 0 na 1. Itoe katika 1, zidisha jibu kwa namba ile ile, kisha zidisha kwa 4. Jibu utakalopata lifanyie hivyo hivyo tena, na tena. Ukianza na 0.3 utapata 0.84, kisha 0.5376, kisha 0.9943, kisha 0.0225. Endelea utakavyo, namba zitaruka huku na huku bila mpangilio unaoonekana. Mwanaikolojia Robert May aliandika makala maarufu mwaka 1976 akionyesha jinsi kanuni fupi kama hii inavyoweza kuzaa tabia ngumu kiasi hicho.

Hakuna bahati nasibu humo. Kila namba imetokana na iliyoitangulia kwa kanuni moja. Hata hivyo huwezi kutabiri mbali, kwa sababu tofauti ndogo ya mwanzo huongezeka, kwa wastani, mara mbili kila hatua. Anza na namba mbili zinazotofautiana kwa sehemu moja ya milioni, na baada ya hatua kama 20 kila moja ina njia yake, kwani mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 hupita milioni. Edward Lorenz aliikuta hali ya namna hii mwaka 1963 katika milinganyo ya hewa, na ni moja ya sababu zinazofanya utabiri wa mvua wa kesho uaminike kuliko wa wiki mbili zijazo. Hali hii ndiyo ninayoiita vurugu: vurugu iliyo ndani ya kanuni.

Sasa weka namba mbili, A na B, kila moja ikifuata kanuni ile. Kila hatua, baada ya kukokotoa, zichanganye kidogo: A ichukue sehemu ya jibu la B, na B ichukue sehemu ileile ya jibu la A. Sehemu hiyo tuiite mvuto. Na tofauti kati ya A na B tuiite pengo.

Hapa kuna kushindana. Vurugu hulizidisha pengo mara mbili kwa wastani, na mvuto hulipunguza. Kila mmoja akichukua 0.1 ya mwenzake, pengo linabaki 0.8 ya lilivyokuwa. Zidisha kwa mbili, unapata 1.6. Pengo linakua, A na B hawataandamana. Kila mmoja akichukua 0.3, pengo linabaki 0.4, zidisha kwa mbili, ni 0.8. Pengo linapungua, na baada ya muda A na B wanakwenda pamoja kama kivuli na mwenye kivuli. Mpaka uko kwenye 0.25, yaani robo.

Jambo la ajabu liko karibu na mpaka huo. Weka mvuto 0.24, chini kidogo tu ya robo. Kwa wastani pengo linakua kwa asilimia 4 kila hatua. Lakini wastani ni wastani: hatua moja huweza kulikuza karibu mara nne kabla ya mchanganyo, na nyingine huliminya hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo hutokea pengo likaminywa mfululizo mpaka likawa dogo mno, lisionekane kwa macho. Kwa makumi ya hatua, pengine mamia, ukichora A na B kwenye karatasi unaona mstari mmoja. Kisha bila dalili yoyote wanaachana kwa kishindo, wanatangatanga kila mmoja kivyake, na baadaye wanarudi kuandamana tena. Utulivu mrefu, mlipuko, utulivu. Urefu wa vipindi haulingani: vingi ni vifupi, vichache ni virefu sana.

Wanafizikia wa Japani, Fujisaka na Yamada, waliieleza hali hii katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 Platt, Spiegel na Tresser waliipa jina linalofananisha na taa inayowashwa na kuzimwa. Nasi tuiite tabia ya kuwaka na kuzima.

Utulivu si uthabiti

Tunajifunza nini? Kwanza, utulivu na mlipuko vimetoka katika kanuni moja. Hakuna kanuni ya siri iliyokuwa imejificha wakati A na B wanaandamana, ikajifichua walipoachana. Ukiuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kilikuwa kweli na kipi maigizo, umeuliza swali lisilo na jibu, kwa sababu vyote ni kweli. Basi hata kwa binadamu, zile swala za kumi la mwisho huenda zilikuwa swala za kweli kabisa, na machozi yalikuwa machozi. Kuanguka kwa Shawwal hakurudi nyuma kuyafuta.

Pili, ukiutazama utulivu peke yake huwezi kujua ni wa aina gani. Mfumo wenye mvuto 0.24 na wenye mvuto 0.26 hufanana kwa muda mrefu. Mmoja uko chini ya mpaka, mwingine juu yake, na mchoro haukuambii ni upi. Hili linanihusu mimi na wewe ambao hatujafumaniwa na jambo lolote mwaka huu. Miezi mitano ya kuswali Alfajiri kwa wakati ni neema ya kushukuriwa, lakini si cheti cha uimara. Pengo dogo lisiloonekana bado ni pengo.

Kuna jambo wanaotumia kompyuta hulijua. Kompyuta huhifadhi tarakimu chache tu za namba. Pengo likishuka chini ya tarakimu hizo, mashine huandika A na B kuwa ni sawasawa, na kuanzia hapo haziachani tena milele. Mtafiti asiye makini atatangaza kwamba mfumo umeshikamana, kumbe ni mashine iliyoshindwa kuona tofauti. Mara nyingi ndivyo tunavyotoa hukumu za ucha Mungu wa watu: macho yetu yameishiwa tarakimu.

Tatu, na hili ndilo lililonifikirisha zaidi, hata aliye juu ya mpaka hana kinga kamili. Tuseme mvuto ni 0.26. Kwa wastani pengo linapungua. Lakini katika dunia halisi hakuna usawa mkamilifu, huwapo vumbi na mtikisiko kidogo. Na kanuni yetu ina sehemu moja hatari: namba zikipita karibu na sifuri, pengo hukuzwa karibu mara nne, na mvuto wa 0.26 hubakisha kama 1.9. Namba zikikaa karibu na sifuri kwa hatua kadhaa, mtikisiko mdogo hugeuka mlipuko, ingawa wastani wote ni mzuri. Ili sehemu hiyo nayo isiwe na nguvu ya kuwaachanisha, mvuto lazima uvuke 0.375.

Kila mmoja wetu ana sehemu yake iliyo karibu na sifuri. Wastani wa wiki yake ni mzuri, anaswali, anasoma, anawaheshimu wazazi, lakini iko sehemu moja ambako kila kitu humvuta mara nne. Kwa mmoja ni saa saba za usiku akiwa peke yake na simu. Kwa mwingine ni hasira. Kwa mwingine ni wiki ile ya mwisho wa muhula ambapo pesa ya kula imekwisha na rafiki anamwonyesha programu ya kubeti. Mvuto unaomtosha siku nyingine zote haumtoshi hapo. Mwenye akili huijua sehemu yake, huipita haraka, na hukusanya nguvu kwa ajili yake kabla hajafika.

Je, hiki si kisingizio?

Msomaji makini atasema: ndugu, umempa mkosaji udhuru wa kisayansi. Atasema si mimi, ni mfumo.

Jibu ni kwamba mfano una mipaka, na mipaka hiyo inapaswa kutajwa. Namba haikusudii wala haitubu. Haiwezi kuongeza mvuto wake yenyewe, lakini binadamu anaweza, na hapo ndipo dhima yake ilipo. Huenda katika hatua ya mwisho, akiwa ameshasombwa, nguvu zake zilikuwa chache. Lakini hatua 30 kabla ya hapo alikuwa na hiari ya kwenda au kutokwenda, kumpigia simu rafiki au kutompigia, kuifunga simu au kuiacha wazi. Anaulizwa kwa hiari hizo. Na aliyedhulumu mtu mwingine hatoki kwa kusema aliyumba: haki ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe, na kama ni jinai kuna sheria.

Wala sisemi unafiki haupo. Mtume (s.a.w.) ametaja alama zake: uongo katika mazungumzo, kuvunja ahadi, kuhini amana. Unafiki ni kutengeneza sura mbili kwa kusudi. Anayeweka mpango miezi mitatu ili ale fedha za jumuiya huku akitoa mawaidha hakuyumba. Alipanga. Kuyumba na kupanga ni vitu viwili, na aliyekusudia kutofautisha haki na dhulma lazima avitenganishe.

Hapa Rwanda tofauti hiyo tunaijua kwa gharama kubwa. Wapo waliotaka dunia iamini kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalikuwa mlipuko wa hasira, watu wa kawaida walioshikwa na wazimu kwa siku mia. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na mafunzo ya wanamgambo, silaha, orodha za majina na propaganda iliyotangulia. Lugha ya vurugu na milipuko haifai kwa jambo lililopangwa, na anayeitumia huko anawafutia wapangaji hatia. Ninaitumia kwa jambo moja tu: moyo wa mtu anayetaka kheri na bado anaanguka.

Robo na nusu

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ina jambo moja zaidi ambalo kwangu ndilo kiini cha makala hii.

Tulisema A na B wakivutana, kila mmoja anahitaji kutoa zaidi ya robo ili pengo lifungike. Je, ikiwa B amekataa kuvuta? Tuseme B anakwenda njia yake bila kumjali A, na A peke yake ndiye anayejitahidi kumfuata. Fanya hesabu: pengo linabaki moja kutoa mvuto wa A, kisha linazidishwa kwa mbili. Ili lipungue, A peke yake lazima atoe zaidi ya nusu. Kinachohesabiwa ni jumla ya mivuto miwili, na jumla hiyo lazima ipite nusu. Wakigawana, ni robo kwa robo. Mmoja akijitoa, mwenzake anabebeshwa mara mbili.

Namjua kijana mmoja, sitasema wa kampasi gani, ambaye baada ya kuanguka kwake aliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la darsa usiku uleule. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ijumaa iliyofuata alikaa swafu ya mwisho na watu wakamsalimu kwa mbali. Ijumaa ya pili hakuja. Waliomwondoa walisema wanailinda jumuiya. Lakini tazama walichokifanya kwa mujibu wa hesabu yetu: mtu aliyekuwa dhaifu kuliko wote, ambaye robo ilikuwa imemshinda, ndiye waliyempa kubeba nusu. Kisha alipoacha kuja walisema, tulijua tu.

Abubakar hakufanya hivyo. Aliposikia Hanzala akijituhumu, alitoa robo yake: alikiri udhaifu wake mwenyewe na akatembea naye. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga na kundi. Tunaisoma hadithi hiyo kama onyo kwa kondoo. Mimi naiona pia kama swali kwa kundi: alijitenga, au mlimsukuma?

Najua kuna hofu ya kweli upande wa pili. Wanaosema rafiki mbaya huharibu hawakosei. Katika kuvutana, A hamvuti tu B. Naye B humvuta A, na wanakutana mahali fulani katikati. Anayemfuata aliyeanguka ili amwinue asiende peke yake na asiende akiwa amechoka. Waende wawili. Kuvuta kwa hekima ni tofauti na kuzama pamoja. Dada wafuate dada, kaka wafuate kaka. Lakini hofu hiyo inatufundisha namna ya kwenda tu, haituruhusu kukaa.

Kuandamana na nani?

Kuna kosa jingine ambalo hesabu inatuzuia kulifanya. Mtu anaweza kudhani kushikamana ndio wema wote: tukiwa pamoja, basi tumesalimika. Tazama tena A na B walio na mvuto 0.3. Wanaandamana bila pengo, na bado wote wawili wamo katika vurugu ile ile, wakiruka kutoka 0.02 hadi 0.99. Wamepatana, hawajatulia. Kundi la marafiki linaweza kuwa na umoja kamili na likatangatanga kwa pamoja. Linaweza hata kufanya uovu kwa pamoja.

Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaandamanisha watu wengi wa nchi hii wakaufuata uovu kwa sauti moja. Waliosalimisha nafsi zao ni wale waliokataa kuandamana. Historia imehifadhi kwamba Waislamu wengi, wa Biryogo na Nyamirambo wakiwamo, waliwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa. Na historia hiyo hiyo inasema wapo Waislamu walioshiriki mauaji. Jina la dini halikumvuta mtu lenyewe. Walioshinda mvuto wa redio walikuwa wameshikamana na kitu kilicho nje ya umati.

Katika hisabati pia uko muunganiko wa upande mmoja. Mwaka 1990 Louis Pecora na Thomas Carroll walionyesha kwamba mfumo wa vurugu unaweza kumfuata kiongozi ambaye yeye haguswi wala habadilishwi na wafuasi wake. Bila shaka kiongozi wao naye alikuwa mfumo wa vurugu, kwa hiyo mfano unaishia hapo. Lakini umbo lake tunalijua. Qurani haisogei kutufuata. Nyakati za swala hazipangwi kwa kura ya hosteli. Jua ndilo linalozitangaza, na hapa kwetu karibu na ikweta hazihami sana mwaka mzima. Katika swala tano za faradhi tunasoma Alfatiha mara 17 kwa siku, na kila mara tunaomba kuongozwa njia iliyonyooka. Aliyekwisha kuwa imara angekuwa na haja gani ya kuomba mara 17? Ombi lile ni mvuto unaotiwa kila hatua, kwa sababu kila hatua vurugu inazidisha pengo.

Na hapa ndipo ninapoielewa vizuri zaidi ile hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu hata zikiwa chache. Tuseme Ramadhani imepunguza pengo lako hadi sehemu moja ya bilioni. Ni kazi kubwa mno. Lakini ukiondoa mvuto wote siku ya Idi, hatua 30 za kuzidisha mara mbili zinapita bilioni, na umerudi ulikokuwa. Mvuto mkubwa wa mara moja hauwezi kufanya kazi ya mvuto wa wastani usiokatika. Majirani zetu wanaokutana katika umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanajua kwamba mtaa hausafishwi mara moja ukabaki safi.

Tunachoweza kuanza nacho

Kutokana na haya yote ninapendekeza mambo matatu kwa jumuiya zetu za wanafunzi, na yote hayahitaji bajeti.

La kwanza, tuache kutumia neno mnafiki kama jina la kila aliyeanguka. Kilicho moyoni hatukioni. Tuseme alifanya kosa fulani, kwa kadiri ya tunayoyajua, na tunyamaze kwa tusiyoyajua.

La pili, kila darsa iwe na watu wawili ambao kazi yao ni kumfuata aliyepotea swafuni. Si kumpeleleza. Kumpigia simu, kumpelekea chai, kukaa naye na kumuuliza habari za masomo. Asipotokea Ijumaa mbili, waende. Watoe robo yao kabla hajalazimika kubeba nusu.

La tatu, ratiba ya Shawwal ipewe uzito sawa na ya Ramadhani. Rakaa mbili za usiku, ukurasa mmoja wa Qurani, kikao kimoja kifupi kwa wiki. Kidogo, lakini kisikatike. Na kila mmoja wetu aijue ile sehemu yake iliyo karibu na sifuri, amweleze rafiki mmoja anayemwamini.

Hisabati haijui toba, na namba haina Mola wa kumwomba. Sisi tunaye. Tunamwomba Yeye anayezigeuza nyoyo azithibitishe nyoyo zetu katika dini yake, awarudishe walioondoka miongoni mwetu, na atusamehe sisi tuliowaacha waondoke peke yao.

Wabillahi tawfiq.